Kasha la Bluu na Kasha la Kijani: Namna ya Kupima Programu Zinazosaidia Mashirika ya Wamama

Katika parokia zetu nyingi za mashariki mwa Kongo kuna kikundi cha wamama kinachokutana kila juma. Hapa wanakiita MUSO, pale AVEC, kwingine likilimba. Wamama wanaweka akiba, wanakopeshana, wanamchangia mwenzao aliyefiwa. Kisha inafika siku ambapo mjane mmoja wa kikundi anafukuzwa na wakwe zake katika shamba la marehemu mume wake. Wenzake wanafunga vitenge, wanamsindikiza mpaka kwa shefu wa kijiji, na hawarudi nyumbani mpaka neno lake lisikilizwe. Kuanzia siku hiyo kikundi hicho kimekuwa shirika la kutetea haki za wanawake, hata kama hakina karatasi moja ya serikali.

Vikundi vya namna hiyo ndivyo vinavyotafutwa leo na programu mbalimbali za kutoa fedha na kuimarisha mashirika ya wanawake ya mashinani. Programu inakuja, inakaa miaka miwili au mitatu, na karibu na mwisho wake anafika mtathmini akiwa na karatasi ya maswali. Majibu anayoyaandika yanasaidia kuamua kama fedha zitaendelea au zitakatwa. Sisi wachungaji tunaombwa kutoa ukumbi na viti, kutafsiri, na mara nyingine kusema tulichokiona. Katika makala hii tunaeleza tathmini hiyo ni nini, inapima nini, inakosea wapi, na wamama wetu wanaweza kudai nini wanapotathminiwa.

Programu hizi zinafanya nini

Programu za aina hii zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa fedha. Ya pili ni kuimarisha: kufundisha kutunza hesabu, kupata hati za serikali, kuchagua viongozi kwa utaratibu, kuzungumza na wakuu, na kujiunga na mashirika mengine.

Mfano unaojulikana ni programu ya serikali ya Kanada iliyotangazwa mwaka 2017, ambayo hapa kwetu inaitwa kwa Kifaransa Voix et leadership des femmes. Ilitengewa dola za Kanada milioni 150 kwa miaka 5, ikafanya kazi katika nchi zaidi ya 30, Kongo ikiwa mojawapo. Ilitumia njia nne: fedha za miaka kadhaa za kuendesha shirika lenyewe, fedha ndogo za haraka kwa jambo la ghafula, mafunzo ya kuimarisha shirika, na msaada wa kujenga mitandao. Mwaka 2023 Kanada iliahidi milioni 195 nyingine kwa miaka 5.

Njia ya kwanza kati ya hizo nne inastahili kuelezwa, kwa sababu ni adimu. Wafadhili wengi hulipia shughuli tu: semina tatu, fulana mia moja, kampeni ya siku 16. Hawalipii kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu, wala usafiri wa mama anayekwenda kumtembelea mjane siku ambayo haimo katika mpango. Shirika linakuwa kama mwanamke anayepewa unga wa karamu za wageni huku watoto wake wakilala njaa. Fedha za kuendesha shirika lenyewe humwachia mwenye shirika uhuru wa kuamua lililo la lazima.

Humu nchini tuna mfano wetu. Mwaka 2000, katika miaka ya vita vya Ituri, wanawake wa Bunia walianzisha SOFEPADI, shirika linaloongozwa na Mama Julienne Lusenge. Baadaye, mwaka 2007, yeye na wenzake walianzisha Fonds pour les Femmes Congolaises, mfuko unaopokea fedha kutoka kwa wafadhili wakubwa na kuzigawa kwa vikundi vidogo ambavyo visingeweza kuandika maombi ya kurasa arobaini katika lugha ya kigeni. Mwaka 2023 Mama Lusenge alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Basi, mtu asituambie kwamba jambo hili ni la wazungu tu. Wamama wa Kongo wamekuwa wakilifanya na kulisimamia wenyewe.

Kwa nini fedha zipelekwe mashinani

Kuna watu wanaouliza: kwa nini fedha zisipelekwe kwa wizara au kwa mashirika makubwa yenye magari na wahasibu? Jibu limefanyiwa uchunguzi. Mwaka 2012 wataalamu wawili, Mala Htun na Laurel Weldon, walitoa utafiti juu ya nchi 70 kwa muda wa miaka 30, kuanzia 1975 mpaka 2005. Walitaka kujua ni nini kinachofanya serikali ichukue hatua dhidi ya ukatili kwa wanawake. Waliona kwamba jambo lenye nguvu zaidi halikuwa utajiri wa nchi, wala idadi ya wanawake bungeni, wala vyama vya mrengo wa kushoto kuwa madarakani. Lilikuwa ni kuwapo kwa wanawake waliojipanga wenyewe, wenye mashirika yao yasiyo chini ya chama wala serikali.

Pamoja na hayo, wanaofanya kazi hiyo ndio wanaopata kidogo. Shirika la AWID liliuliza mashirika 740 ya wanawake duniani juu ya mapato yao ya mwaka 2010. Walipoyapanga kutoka la chini mpaka la juu, shirika la katikati lilikuwa na dola 20,000 kwa mwaka mzima. Katika misaada yote ya nchi tajiri, sehemu inayofikia mashirika ya haki za wanawake iko chini ya asilimia 1. Kwa hiyo tathmini ya programu kama hizi ni jambo zito. Fedha ni chache, na tathmini iliyofanywa vibaya inaweza kuziba hata kijito hicho kidogo.

Vigezo sita vinavyotumika

Watathmini wengi wanafuata vigezo vya OCDE, umoja wa nchi tajiri unaoshughulikia uchumi na maendeleo. Vitano viliwekwa mwaka 1991, na cha sita kiliongezwa mwaka 2019. Tunavieleza kwa mifano ya kwetu.

Kufaa. Je, programu inajibu shida ambayo wamama wenyewe wanaiona? Kama shida yao ni mashamba ya wajane na mradi umeleta semina ya uchaguzi, haufai hapo, hata semina iwe nzuri namna gani.

Kupatana na kazi nyingine. Je, miradi miwili inafundisha wamama walewale jambo lilelile, huku bonde la pili halina mradi hata mmoja? Hiki ndicho kigezo kilichoongezwa mwaka 2019.

Kufikia malengo. Kilichoahidiwa kimefanyika? Kama iliahidiwa kwamba vikundi kumi vitapata hati za serikali, ni vingapi vimezipata?

Matumizi mazuri. Kati ya kila dola 100 zilizotolewa, ngapi zilifika kijijini, na ngapi zilibaki katika hoteli, magari na ofisi za mji mkuu?

Badiliko. Maisha yamebadilika wapi? Hapa hatuhesabu semina. Tunatazama mjane aliyerudi shambani kwake, msichana aliyerudi shuleni, shefu aliyeanza kuwaita wamama katika baraza.

Kudumu. Fedha zikiisha, nini kitabaki?

Vigezo hivi ni vizuri, na kila kamati ya wamama inaweza kuvitumia bila kumngojea mgeni. Lakini kikundi kinaweza kupata alama nzuri katika vyote na bado kikawa kimedhoofika. Ili kuonyesha hilo turudi kwenye makasha ya MUSO.

Makasha matatu

Wanaojua MUSO wanajua kwamba ina makasha matatu. Kasha la kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Kasha jekundu ni la msaada wa dharura: ugonjwa, msiba, nyumba iliyoungua. Kasha la bluu ni la fedha zinazotoka nje. Hekima ya mpango huu ni kwamba fedha za nje hazichanganywi na jasho la wanachama.

Programu ya kufadhili mashirika inajaza kasha la bluu. Mtathmini akifungua kasha la bluu peke yake, akakuta kila dola ina risiti, ataandika kwamba kazi ni nzuri. Sisi tunashauri afungue na yale mengine mawili. Tangu fedha za nje zilipofika, je, kasha la kijani limeongezeka au limepungua? Kuna vikundi ambamo wanachama waliacha kuchanga, wakisema mzungu atatoa. Na kasha jekundu? Je, wamama bado wanamsindikiza mjane kwa miguu, au sasa wanangoja mpaka wapewe perdiemu? Kama kasha la bluu limejaa na mawili yamekauka, programu imekidhoofisha kikundi ilichotaka kukiimarisha. Na kama kasha la bluu liko tupu leo lakini mengine mawili yanaendelea, basi programu imeacha mbegu.

Mahali ambapo vipimo hukosea

Kosa la kwanza ni kuhesabu kinachohesabika kwa urahisi. Miradi mingi hupangwa katika jedwali ambalo wenye kazi huliita kadre lojiki: lengo, shughuli, viashiria, mahali pa kupata ushahidi. Jedwali hili lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani. Linafaa sana kwa daraja au kisima. Ukichimba kisima, maji yanatoka au hayatoki. Lakini kumfanya shefu aache kumnyang’anya mjane shamba ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka huu amekubali. Mwakani amekufa na mwanawe amekataa.

Kosa la pili ni kutaka kujua nani mwenye sifa. Mfadhili anataka kusikia kwamba ushindi fulani umetokana na dola zake. Lakini mama aliyerudishiwa shamba alisaidiwa na kikundi, na wakili, na mjumbe wa kanisa, na jirani aliyekubali kusema ukweli. Swali la haki si kuuliza nani aliyefanya, ila kila mmoja alichangia nini.

Kosa la tatu ni muda. Mradi wa miaka 2 unapimwa kana kwamba desturi ya vizazi ingeweza kugeuka katika misimu minne ya maharagwe.

Kosa la nne ni kutoona kwamba kutorudi nyuma nako ni tunda. Mama Srilatha Batliwala wa India, pamoja na Alexandra Pittman, waliandika jambo hili mwaka 2010 walipochunguza namna mashirika ya wanawake yanavyopimwa. Walionyesha kwamba shirika likisimama imara mbele ya wanaotaka kufuta haki zilizokwisha kupatikana, jedwali linaandika “hakuna badiliko”, na shirika linahesabiwa kuwa limeshindwa. Hapa kwetu tunaelewa vizuri. Kijiji kimehamishwa mara tatu kwa sababu ya vita, na kikundi cha wamama bado kinakutana chini ya hema la kambi. Katika jedwali hiyo ni sifuri. Mbele ya macho yetu ni ushindi.

Kosa la tano ni hofu. Tulikaa siku moja nyuma ya ukumbi wakati mtathmini akiuliza wamama kama mradi umewasaidia. Wote waliitikia ndiyo, wakapiga makofi. Jioni, mgeni alipokuwa ameondoka, mama mmoja alituambia: “Pasta, tungesema matatizo, si wangepeleka pesa kwa kikundi kingine?” Hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na watoto, na alijua anayeuliza ndiye anayetoa. Tathmini inayofanywa na mwenye fedha, mbele ya viongozi wa kikundi, katika ukumbi mmoja, kwa saa moja, haiwezi kupata ukweli mwingi.

Njia za kusikia vizuri zaidi

Zipo njia zilizobuniwa ili kurekebisha makosa hayo. Tunataja mbili.

Ya kwanza inaitwa badiliko lililo kubwa zaidi. Ilianzishwa na Rick Davies katikati ya miaka ya 1990 nchini Bangladesh, alipokuwa akifanya kazi na shirika la makanisa la maendeleo la nchi hiyo. Badala ya kuanza na viashiria, kila kikundi kinaombwa kusimulia: katika miezi hii, ni badiliko gani kubwa zaidi mliloliona, na kwa nini mnaliona kubwa? Habari zinakusanywa. Wanakikundi wenyewe wanakaa, wanasikiliza, wanajadili na kuchagua moja, wakiandika sababu ya kuichagua. Kisha zile zilizochaguliwa zinapanda ngazi ya pili, na huko zinajadiliwa tena, na sababu zinarudishwa chini kwa waliosimulia. Faida yake ni kwamba wamama ndio wanaosema ni nini kilicho kikubwa. Udhaifu wake ni kwamba watu hupenda kuleta habari njema. Kwa hiyo ni vizuri kuuliza pia juu ya badiliko baya lililo kubwa zaidi.

Ya pili inaitwa kuvuna matokeo, na ilibuniwa na Ricardo Wilson-Grau pamoja na wenzake. Hapa mtathmini haanzi na mpango ili aone kama umetimia. Anaanza na kilichotokea. Nani amebadilisha mwenendo wake: shefu, jaji, polisi, mume, mchungaji? Lini? Wapi? Kikundi kilichangia nini? Kisha anakwenda kwa mtu wa nje asiye na faida katika jambo hilo, anamwuliza kama ni kweli. Kwa vikundi vyetu njia hii inafaa, kwa sababu matunda mengi yanatoka mahali ambapo mpango haukuyatazamia.

Njia zote mbili hazihitaji mashine. Zinahitaji daftari, mtu anayejua kuandika, na muda wa kukaa. Kikundi kinachoandika kila mwezi mistari mitano juu ya kilichobadilika kitakuwa na ushahidi wake chenyewe siku mgeni atakapofika.

Sheria katika karatasi, shamba mkononi

Katika nchi yetu tathmini inapaswa kutenganisha mambo mawili: haki iliyoandikwa na haki iliyoshikwa.

Kwa upande wa maandishi, wanawake wa Kongo na mashirika yao wamepata mengi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inasema juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi. Mwaka huohuo, tarehe 20 Julai, zilitolewa sheria mbili juu ya ukatili wa kingono. Mwaka 2015 ilikuja sheria ya kutekeleza usawa huo. Mwaka 2016 Kanuni ya Familia ilirekebishwa, na ile amri ya zamani iliyomlazimu mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mbele ya sheria iliondolewa.

Lakini tazama urithi. Tangu mwaka 1987 Kanuni ya Familia inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, bila kutenga binti na mwana. Sheria hiyo imekuwapo kwa muda unaozidi miaka 35. Hata hivyo, katika vijiji vingi tunavyovihudumia, binti bado anaambiwa kwamba shamba lake liko kwa mumewe, na akifika kwa mumewe anaambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Wasomaji wetu wanawakumbuka binti watano wa Selofehadi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, walisimama mbele ya Musa na wakuu, wakadai urithi wa baba yao, na neno lao likakubaliwa kuwa haki. Wengi tunafunga kitabu hapo. Lakini katika Yoshua, sura ya 17, tunawakuta tena wakisimama mbele ya Eleazari na Yoshua, wakikumbusha agizo lile, ndipo wakapewa fungu lao. Agizo lilikuwapo, na bado ilibidi waende mara ya pili. Mtathmini anayeishia kwenye Hesabu 27 ataandika kwamba kazi imekwisha. Kazi ya vikundi vya mashinani ni ile ya Yoshua 17, na ndiyo inayochukua miaka mingi na fedha kidogokidogo za nauli, za nakala za hati na za chakula cha mashahidi.

Kupima wakati wa vita

Mambo yote tuliyosema yamekuwa magumu zaidi tangu mwaka 2025. Mji wa Goma ulibadilisha mikono mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Mabenki ya Goma yalifunga milango. Fedha zilianza kupita kwa simu na kwa watu wa kati, na kila mmoja alikata sehemu yake. Katika majuma hayohayo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika nchi yetu, ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada likaacha kazi.

Kwa hali hiyo tunaomba mambo matatu yazingatiwe na kila anayetathmini.

Kwanza, mpango ulioandikwa kabla ya Januari usitumiwe kuhukumu kazi iliyofanywa baada yake. Kikundi kilichogeuza fedha za semina kuwa unga na dawa kwa waliokimbia hakikuiba. Kiliona shida ya kwanza na kuijibu. Kinachohitajika ni kueleza kwa maandishi nini kimebadilishwa, nani aliamua, na lini.

Pili, risiti zisidaiwe mahali ambapo haziwezi kupatikana. Muuza unga wa kambini hana kitabu cha risiti. Mashahidi watatu wa kikundi wakitia sahihi katika daftari, huo ni ushahidi.

Tatu, na hili ni zito kuliko yote: usalama. Ushuhuda wa mama aliyebakwa haupaswi kuwa kiambatisho cha ripoti. Jina lake, sura yake, kijiji chake na umri wa mtoto wake vikiwekwa pamoja vinatosha kumtambulisha kwa yule aliyemtendea. Mtathmini aeleze kabla ya kuuliza: habari hizi zitakwenda wapi, nani atazisoma, na mama anaweza kukataa bila kupoteza msaada. Na kama hakuna lazima ya kuuliza, asiulize. Hali iyo hiyo kwa orodha za wanachama: siku hizi orodha ikikamatwa njiani inaweza kuwaletea watu hatari.

Nafasi ya makanisa

Makanisa ya Kiprotestanti yana historia nzuri katika jambo hili. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ni ya jumuiya ya CEPAC. Idara za wamama katika jumuiya zetu zimelea viongozi wengi ambao leo wanaongoza mashirika.

Lakini tukiwa wakweli, sisi pia tumo katika orodha ya mambo yanayopaswa kupimwa. Tumeona wachungaji wakimshauri mjane anyamaze kwa ajili ya amani ya ukoo. Tumeona kamati za wazee zikitaka kasha la wamama lifunguliwe na kufungwa na wanaume. Tumeona kikundi kikilazimishwa kutoa sehemu ya ruzuku kwa ujenzi wa kanisa. Baadhi yetu hatukuona tu, tulishiriki. Mtathmini akiuliza kama kanisa limesaidia au limezuia, wamama wawe huru kujibu bila mchungaji kukaa pale. Sisi tutoe ukumbi, kisha tutoke nje.

Na wamama wasiogope kuulizwa hesabu. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu, kama tunavyosoma katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, hakuubeba peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na neno la kulaumu. Aliyeaminiwa fedha za wengine analindwa na hesabu iliyo wazi. Tunachokataa ni hesabu ya upande mmoja, ambapo kikundi kinamwambia mfadhili kila kitu, na mfadhili hakiambii kikundi chochote.

Maswali ya kuuliza

Tunafunga kwa maswali ambayo kikundi chochote cha wamama kinaweza kusoma pamoja, kabla mtathmini hajafika na baada ya kuondoka.

Kwa programu: Fedha zilifika kwa wakati? Zilituachia nafasi ya kuamua? Mafunzo yalitolewa kwa lugha tunayoielewa, na saa ambazo mama mwenye watoto na shamba anaweza kuja? Tuliombwa kuchagua malengo, au tulipewa tayari?

Kwa kikundi chenyewe: Kasha la kijani limekua? Kasha jekundu bado linafanya kazi? Viongozi wanabadilika, au ni walewale tangu mwanzo? Mama asiyejua kusoma anajua kiasi gani kilipokelewa? Wajane, wasichana waliozalia nyumbani, wenye ulemavu na waliokimbia vita wana sauti, au wanahudhuria tu?

Kwa kijiji: Nani anaamua leo jambo ambalo zamani hakuliamua? Nani ameshika leo kitu ambacho zamani alinyimwa? Tungeondoka sisi kesho, nani angemsindikiza mjane kwa shefu?

Kwa mtathmini: Ripoti itarudi kwetu? Kwa lugha gani? Tukiona umeandika lisilo kweli, tutalisahihisha wapi?

Swali hili la mwisho ni haki ya kila kikundi, na linaulizwa mara chache. Ripoti nyingi juu ya wamama wetu zimelala katika ofisi za mbali, na waliosimulia hawakusoma hata ukurasa mmoja. Kikundi kikiisoma ripoti yake, kikaisahihisha na kuitumia kupanga mwaka unaofuata, hapo tathmini imewafaa wamama wenyewe. Tunawaomba wachungaji wenzetu walisaidie jambo hilo: ripoti ikifika, isomwe kwa Kiswahili mbele ya wamama, polepole, mpaka mwisho, na daftari liwe wazi kwa yeyote anayetaka kusahihisha.